Biashara Nayo Husomewa

Ndugu wasomaji, wengine mmetuuliza: hivi, biashara nayo inasomewa chuo kikuu? Ndiyo, inasomewa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki yalitaifishwa. Mali ikawa yetu, lakini nani atashika vitabu vya hesabu? Wataalamu wakahitajika. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha Kitivo cha Biashara na Menejimenti, kulekule Mlimani. Mwaka 2008 kitivo hicho kikawa Shule Kuu ya Biashara. Hufundisha uhasibu, fedha, masoko na mengineyo, hadi shahada za juu.

Tuchukue uhasibu, maana huo unatugusa hata sisi wa vijijini. Duka la ushirika limeanza mwezi na bidhaa za shilingi 500,000. Limeleta nyingine za 200,000. Mwisho wa mwezi zimebaki za 300,000. Zote tumezihesabu kwa bei ya kuuzia. Basi zimetoka za shilingi 400,000. Sandukuni mkikuta 340,000, je, 60,000 ziko wapi? Zimekopeshwa? Zimeharibika? Au zimeliwa?

Mkaguzi mwenye shahada naye huanza na swali hilohilo. Wanachama, mkutano ujao ombeni daftari la bidhaa lisomwe mbele ya wote.