Jeki Inataka Kiti: Kuchagua Vifaa vya Safari ya Gari na Hema Ukitokea Nkubu

Jeki yangu ilizama kwenye tope la barabara ya majani chai juu ya Nkubu, mwezi wa Oktoba, saa kumi na moja jioni. Ilikuwa nzima. Kila nilipoizungusha ilifanya kazi yake barabara, ila badala ya gari kupanda, yenyewe ndiyo iliyoshuka. Kwenye buti nilikuwa na kiti cha kukunja chenye tundu la kuwekea kikombe, taa tatu za kuchaji, na birika la kahawa ambalo bei yake sikumwambia mtu nyumbani. Kijana aliyekuwa akirudi kutoka kituo cha kupimia majani akasimama, akatazama, akaingia shambani na kutoka na kipande cha ubao wa mgrevilea.

"Mzee, jeki inataka kiti," akasema, akausukuma ubao chini yake.

Dakika kumi baadaye tulikuwa tumeshabadilisha gurudumu. Ubao ule bado ninao. Haukunigharimu chochote zaidi ya chai ya yule kijana, na tangu siku hiyo nimegeuza mpangilio wa matumizi yangu: pesa ya kwanza inakwenda kwa kitu kitakachonirudisha nyumbani, ya pili kwa kitakachonilaza mkavu na salama. Starehe hupata kinachobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Nkubu ni mahali pazuri pa kuanzia safari za namna hii, lakini huwachanganya wageni. Ikweta inapita kati ya soko la Nkubu na mji wa Meru, basi mtu wa kutoka mbali hudhani atalala kwenye joto popote atakapoelekea. Akishika njia ya kusini mpaka Chogoria, kisha akapanda kilomita 30 hivi za msituni hadi geti la Hifadhi ya Mlima Kenya, atajikuta kwenye mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa anga safi umande huganda juu ya kioo cha gari. Akienda upande mwingine, kupitia Maua hadi Hifadhi ya Meru, atakuta nyanda za joto, mbu na mbung'o. Na akiteremka Mitunguu kuelekea Tharaka, atakutana na mchanga wa mito iliyokauka. Safari tatu, kila moja ikiwa na siku moja tu ya kuendesha, na mizigo mitatu tofauti. Kwa hiyo swali la kwanza dukani haliwi "kipi kizuri?" Uliza unaelekea wapi, na mwezi gani.

Anza na matairi. Gari la magurudumu manne yanayovuta likiwa na matairi yaliyolika litakwama mahali ambapo Probox yenye matairi mazuri inapita ikipiga honi. Watu wengi hununua matairi yaliyotumika, na si kosa, mradi usome ubavuni. Tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukiona 2319, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka hata ikiwa imekaa stoo, na meno marefu hayamaanishi tairi ni changa. Ukiona mipasuko midogo midogo ubavuni kama udongo uliokauka, achana nalo hata likiuzwa kwa bei ya mandazi. Spea nayo iwe ya saizi ileile, tena ijazwe hewa kabla ya safari. Nimeshaona spea laini kama chapati ikitolewa chini ya gari huko mbali, na mwenyewe akiitazama kama aliyesalitiwa.

Baada ya matairi nunua pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye gari, pamoja na kipimo cha presha. Hivi viwili nitavitetea mbele ya mtu yeyote. Tairi la kawaida lenye presha ya psi 35 likipunguzwa hadi 25 kwenye barabara ya mawe, gari linatulia na kupasuka kwa tairi kunapungua. Kwenye mchanga mzito unaweza kushuka hadi 20. Lakini mwenye kutoa hewa lazima awe na njia ya kuirudisha, kwa sababu tairi laini likipigwa mwendo kwenye lami hupata moto na kupasuka. Ndiyo maana sipunguzi presha kabla ya kuijaribu pampu. Pakiti ya kamba za kuzibia pancha na chuma chake cha kutobolea haizidi uzito wa kitabu. Mwombe fundi wa pancha pale stendi akufundishe kwa tairi bovu. Wengi hufurahi kuulizwa.

Halafu ongeza koleo fupi, panga, spana ya magurudumu ambayo umeijaribu kwenye nati zako mwenyewe, nyaya za kuamshia betri, fyuzi, fenibelti ya akiba, waya na tepu. Pembetatu mbili za kuakisi mwanga zikae mahali pa kushikika haraka, si chini ya magodoro.

Kamba ya kuvutia gari inahitaji tahadhari zaidi, kwani inaua. Nunua iliyoandikwa uwezo wake, na uwezo huo uwe angalau mara mbili ya uzito wa gari lililojaa. Ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikana na fremu ya gari. Usiifunge kwenye bampa, wala kwenye kile kichwa cha duara cha kukokotea trela. Kikikatika huruka kama risasi na kupenya kioo. Tupa blanketi zito katikati ya kamba ili ikikatika isichape. Sasa, huku kwetu gari likikwama watu hujaa, watoto wakiwa mbele. Ni ukarimu, lakini hakikisha kila mtu amesimama mbali kuliko urefu wa kamba kabla dereva hajakanyaga mafuta. Ukishatoka, usisahau chai ya waliosukuma.

Nije kwenye hema la juu ya gari, ndoto ya wengi. Ni kitu kizuri, sikatai. Linafunguka kwa dakika chache na nyoka hakufikii. Ila mengi yana uzito wa kilo 50 hadi 70, na magari mengi madogo hayaruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 50 hadi 100 juu ya paa yakiwa mwendoni, keria ikihesabiwa humo humo. Soma kitabu cha gari. Kisha fikiria barabara ya Nkubu hadi Chuka: inatumbukia mabondeni, inakata kona, inapanda, inatumbukia tena, na daraja la Nithi limeshapokea misiba mingi. Gari lililobeba mzigo juu hulala upande kwenye kona kama boda boda iliyopakia magunia. Mizigo mizito ikae chini na katikati, nyuma ya viti, na ifungwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mitungi mitatu ya lita 20 ni kama kupakia mtu mzima, na mtu mzima asiyefungwa ndani ya buti atakufuata mbele ukikanyaga breki ghafla. Kwenye mteremko tumia gia ndogo. Breki za gari lililojaa zikipata moto, mguu hukanyaga hewa.

Kwa pesa ya hema moja la juu, utapata hema la chini, magodoro mazuri, pampu na matairi mawili. Hema la chini lijaribiwe nyumbani. Lisimamishe uani, mwombe mtu alimwagie ndoo mbili za maji, wewe ukiwa ndani na tochi ukitazama mishono. La kwangu la kwanza, la mtumba, lilivuja pembeni mwa zipu, tone moja baada ya jingine, mahali hasa ambapo ningeweka kichwa. Nta ya mshumaa iliyosuguliwa kwenye mshono ilisaidia kwa muda, mpaka nikapata gundi ya mishono. Angalia pia kama kifuniko cha juu kinafika karibu na ardhi. Kifupi kinafaa kiangazi tu, na upande huu wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya ndio unaopata mvua nyingi kuliko pande zote. Turubai pana lenye macho ya kufungia kamba litakupa baraza ya kupikia, na linauzwa karibu kila duka la vifaa.

Mlimani baridi hutoka ardhini zaidi ya inavyotoka juu. Watu hununua mfuko mnene wa kulalia kisha wanaulaza kwenye kipande chembamba cha sponji na kutetemeka hadi asubuhi. Pesa iende kwenye godoro kwanza. Blanketi mbili za mtumba juu ya godoro zuri zitamshinda mwenye mfuko wa bei kali aliyelala kwenye turubai tupu.

Na hapa niseme bila kuzunguka: jiko la makaa lisiingizwe ndani ya hema wala ndani ya gari, hata likibaki majivu mekundu, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki kukohoa. Anaendelea tu kulala. Wanaokufa hivi si wajinga, ni watu waliosikia baridi. Jaza chupa ya maji ya moto, ifunge sawasawa, ivishe soksi, lala nayo miguuni.

Kwa kupikia, meko ya gesi ya kilo 6 inashinda vile vijiko vidogo vya kukunja vinavyotumia mikebe maalumu. Mikebe hiyo ikikwisha, Maua na Mitunguu watakutazama tu, lakini mtungi wa kilo 6 unabadilishwa karibu kila soko. Kigezo hicho kinafaa kwa vifaa vingine pia: chagua kitu ambacho fundi wa soko linalofuata anaweza kukitengeneza au kukijaza. Mtungi usimame wima, umefungwa, valvu imefungwa, na uvujaji upimwe kwa povu la sabuni. Petroli ya akiba isikae mlipoketi. Jaza tangi Maua kabla ya kuingia Hifadhi ya Meru, na pengine hutahitaji akiba.

Ukiwa kwenye geti la Chogoria maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, badala ya 100. Maharagwe mabichi yatakumalizia gesi yakiwa bado mawe. Chemsha githeri nyumbani, ukaikaange huko juu.

Friji ya gari ni kishawishi kingine. Kwenye joto la Hifadhi ya Meru inaweza kula kama ampea-saa 40 kwa siku, na betri nyingi za magari madogo zina kati ya 45 na 60. Ukiilaza ikiwaka kwa betri ileile ya kuwashia gari, asubuhi utaomba msaada kwa tembo. Kama huna betri ya pili, chukua kisanduku cha barafu na ugandishe mtungi wa lita 5 wa maji. Barafu ikiyeyuka, mnakunywa. Maji mengine yabebwe kwenye mitungi ya kutumika tena, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, chupa za maji zikiwemo, zimepigwa marufuku kwenye hifadhi, fukwe na misitu ya Kenya.

Hifadhi ya Meru, yenye kilomita za mraba 870, ndiko Joy na George Adamson walikomlea simba Elsa kurudi mwituni, na kaburi lake liko kando ya mto Ura. Kwenda kuliona huhitaji vifaa vya ajabu. Unahitaji nguo za rangi ya mchanga au majani makavu. Mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na wanauma hata kupitia kitambaa. Neti iwe iliyotiwa dawa. Chakula kilale ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa, maana nyani anajua kupasua hema kwa harufu ya ndizi moja iliyosahaulika.

Taa ya kichwani ni bora kuliko tochi ya mkononi, kwa sababu pancha inataka mikono miwili. Kiti cha plastiki cha nyumbani kinatosha. Meza mwagize fundi wa vyuma.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji za kuvutika, glavu, shashi, dawa ya maumivu na chumvi za kurudisha maji mwilini. Mtu akiumwa na nyoka, usikate jeraha, usinyonye, usikaze kamba. Mtulize, kiungo kisitikisike, mpeleke hospitali. Na kwa kuwa mtandao hukatika msituni na hifadhini, pakua ramani mapema, na umwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia yenu na siku ya kurudi.

Ukirudi Nkubu, jaza hewa ya lami kabla hujaingia barabara kuu. Nyumbani, hema litandazwe kwenye kamba ya nguo siku hiyo hiyo, hata kama umechoka. La kwangu la pili nililiacha limekunjwa wiki mbili baada ya mvua ya Chogoria, na nilipolifungua lilikuwa na madoa meusi ya ukungu na harufu ya gunia la viazi vilivyooza. Kuku wangu wanalitumia sasa, wala hawajalalamika.