Eksirei ya Koo la Chakula na Tumbo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kunywa Bariamu

Mtu akianza kukwamwa na ugali au nyama, kawaida huteremsha kwa maji na kuendelea kula. Baada ya wiki kadhaa huacha nyama, kisha ugali, akabaki na uji. Wengi hufika hospitalini wakati hata maji hayapiti vizuri na mwili umeshakonda. Katika eneo letu la Bonde la Ufa dalili hii haifai kungojewa. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imekuwa ikionekana kwa wingi upande huu wa nchi. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti jirani ya Bomet, imewatibu wagonjwa wake kwa miaka mingi, wakiwemo vijana wa chini ya miaka 30. Kwa hiyo kijana naye asijiambie kuwa huo ni ugonjwa wa wazee.

Mojawapo ya vipimo ambavyo daktari anaweza kuagiza ni eksirei ya bariamu. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa vizuri, lakini umio na tumbo ni nyama laini na havionekani waziwazi. Bariamu ni unga mweupe unaokorogwa kwa maji hadi uwe mzito kama uji mwepesi. Ladha yake ni ya chokaa, ingawa mara nyingine hutiwa kitu cha kuipunguza. Mgonjwa huinywa akiwa amesimama au amelala mbele ya mashine, huku mtaalamu akiangalia kwenye skrini jinsi inavyoteremka. Mahali palipobana, penye kidonda au penye uvimbe huonekana kwa umbo la bariamu yenyewe. Wakati mwingine hupewa pia dawa ya kutoa povu ili tumbo lijae hewa. Atahisi kutaka kubeua, lakini ajizuie hadi picha ziishe. Kipimo hakiumi, na kwa kawaida huisha ndani ya saa moja.

Kinachoharibu kipimo hiki mara nyingi ni kifungua kinywa. Mgonjwa huambiwa asile wala kunywa kitu kuanzia usiku wa manane, na hapo chai ya alfajiri na maziwa vimo. Anayetoka Kuresoi au Subukia na kupanda matatu mapema asinunue chochote njiani. Mabaki ya chakula tumboni yanaweza kuonekana kama uvimbe au kuuficha ulioko, na mgonjwa hurudishwa nyumbani kwa siku nyingine. Sigara na ubani wa kutafuna pia viachwe asubuhi hiyo. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, aulize mapema jinsi ya kuzitumia siku ya kufunga, asijiamulie mwenyewe.

Kabla ya kunywa, mgonjwa amwambie mhudumu kama ni mjamzito au huenda akawa mjamzito, kwa sababu mionzi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Aseme pia kama maji humpalia anapokunywa, kama amefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, au kama ana maumivu makali ya ghafla. Ikishukiwa kwamba umio au utumbo umetoboka, bariamu haitumiki. Hutumiwa dawa nyingine inayoyeyuka majini. Mionzi ya kipimo hiki ni mingi kuliko ya picha moja ya kifua. Hiyo si sababu ya kukikataa kikiwa kimeagizwa na daktari, ila si kipimo cha kujinunulia kwa kuwa jirani alifanyiwa.

Picha hii ina mipaka. Inaweza kuonyesha kwamba njia imebana, lakini haiwezi kuthibitisha saratani. Kwa hilo huhitajika endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni na kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi wa maabara. Vipimo hivi viwili havifanywi kiholela siku moja, maana bariamu iliyobaki huziba kamera. Mgonjwa akiambiwa picha ina kasoro, aulize papo hapo endoskopi itafanywa wapi na lini. Kukaa nyumbani na bahasha ya picha ni kuupa ugonjwa nafasi. Saratani hii ikichelewa, mara nyingi upasuaji wa kuiondoa hauwezekani tena, na msaada unaobaki huwa ni kuwekewa mrija ndani ya umio ili chakula kipite.

Mwenye dalili aanzie kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama za Molo, Gilgil na Naivasha, apate barua ya rufaa. Abebe kitambulisho na picha zozote za zamani. Kuhusu malipo, aulize mapema ni kiasi gani kinalipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Baada ya kipimo, mgonjwa anaweza kula kama kawaida. Choo kitakuwa cheupe kwa siku chache na huenda kikawa kigumu, kwa hiyo anywe maji mengi, ale mboga na matunda. Siku mbili au tatu zikipita bila choo, au tumbo likivimba na kuuma, arudi hospitalini.