Habari ya Watu Wanaotendewa Uovu, na Jinsi Wanavyopangwa

Mtu akija kwetu akilia kwamba amenyang'anywa au amepigwa, neno la kwanza litokalo vinywani mwetu huwa ni swali: Ulikuwa wapi saa ile? Ulikwenda kufanya nini? Sisi wenyewe tulimwuliza hivyo mama mmoja aliyenyang'anywa fedha zake jioni, akitoka sokoni. Hakujibu. Alijitanda kanga yake akaenda zake, na kwa majuma mawili hatukumwona. Ndipo tulipotaka kujua wenye elimu wamelitumiaje swali lile.

Zamani elimu ya uhalifu ilimtazama mhalifu peke yake. Mwaka 1948 Hans von Hentig, Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani, alitoa kitabu cha kuonyesha kwamba yafaa kumtazama pia yeye aliyedhuriwa. Aliwapanga watu hao katika aina 13: vijana, wanawake, wazee, wageni wa nchi, wapweke, wenye tamaa ya mali, na wengineo. Jambo hili lina maana. Mgeni asiyejua lugha ya mji hudanganywa upesi, na mwenye tamaa humsadiki mtu amwahidiye faida kubwa.

Benjamin Mendelsohn, wakili aliyezaliwa Rumania, alileta mizani. Upande mmoja alimweka asiye na hatia hata kidogo, kama mtoto. Upande wa pili yeye amshambuliaye mwenziwe, akauawa na huyo anayejitetea. Hapo njia iligawanyika, maana kueleza jinsi mtu alivyofikiwa na hatari ni neno moja, na kupima hatia yake ni neno lingine kabisa.

Marvin Wolfgang alichunguza mauaji 588 ya mji wa Philadelphia, ya miaka 1948 hadi 1952, akaona kwamba katika 150 aliyekufa ndiye aliyetangulia kupiga au kutoa silaha. Hesabu ile ilikuwa na mpaka wake, yaani pigo la kwanza. Lakini mwaka 1971 mwanafunzi wake, Menachem Amir, aliipeleka njia hiyo kwa wanawake walionajisiwa, hata mwanamke aliyekubali kunywa na mtu asiyemjua aliweza kuhesabiwa kuwa amechochea. Wengi walimpinga, nasi twaona walimpinga kwa haki. Aliyekubali kikombe amekubali kikombe tu.

Stephen Schafer aliuliza kwa kila aina, wajibu ni wa nani? Kwa wadhaifu wa mwili, na kwa wadhaifu wa hali yao katika jamii, alijibu kwamba wao hawana wajibu wo wote. Wote ni wa mhalifu. Tuitazame habari ya bibi wazee wa Usukuma, ambao wengi wameuawa tangu miaka ya 1970 kwa kusingiziwa uchawi. Bibi ni mjane, ana nguvu kidogo, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Basi macho hayo ndiyo yanayofanywa ushahidi juu yake! Tena mara nyingine nyuma ya maneno ya uchawi pana ugomvi wa shamba. Kwa upangaji wa Schafer, bibi huyu ni mdhaifu kwa mwili na kwa hali pia. Majirani humpanga kwingine. Husema amejitakia, na asemaye hivyo haendi kutoa ushahidi.

Mwaka 1979 Lawrence Cohen na Marcus Felson walifundisha kwamba uovu hutokea mambo matatu yakikutana: mwenye nia mbaya, mtu au mali inayompendeza, na kukosekana kwa mlinzi. Walimu wa mitaa, njia hii yawafaa ninyi kuliko mizani. Yatufanya tuulize ni nani alalaye nyumbani kwa bibi yule, na kama jiko lake lina tundu la kutolea moshi. Na maswali hayo hayamtii mtu aibu.

Yule mama tulimwendea tena. Tulimwomba radhi, kisha tukamwuliza ni nani wengine hupita njia ile jioni. Akawataja wanne. Wawili kati yao walikuwa wamenyang'anywa pale pale, wala hawakumwambia mtu.