Mlaji miraa, fizi zake na maradhi ya sukari

Ukipita Maua au Laare saa nne za usiku utawakuta wanaume wameketi vibarazani, shavu moja limefura, chupa ya soda mkononi. Kule Siakago na Kiritiri, kaunti ya Embu, jani ni muguka, nalo mara nyingi huandamana na njugu au chingamu, lakini mambo ni yale yale. Karibu na alfajiri mtu hurudi nyumbani na kujitupa kitandani. Mswaki ataukumbuka asubuhi, akiukumbuka.

Hatutabishana hapa juu ya zao hilo, ambalo limesomesha watoto wengi wa Igembe na Mbeere. Swali letu ni dogo zaidi: mdomo huo hupatwa na nini usiku kucha, na je, madhara hukomea mdomoni?

Tuanze na mate. Wengi huyadharau, lakini ndiyo yanayoosha mabaki ya chakula, kupunguza asidi na kuyarudishia meno madini yanayopotea. Miraa na muguka hukausha mdomo. Kwa kuwa jani lenyewe ni chungu, mlaji hulipoza kwa soda, na chupa ya nusu lita huwa na takriban gramu 50 za sukari, yaani vijiko 12 hivi vya chai. Bakteria wa mdomoni hula sukari hiyo na kutoa asidi inayomomonyoa meno. Kila funda huanzisha kazi hiyo upya, kwa hivyo soda inayonywewa kidogo kidogo kwa saa tatu huyaumiza meno kuliko ile iliyonywewa mara moja pamoja na chakula. Kisha mtu analala, wakati ambapo mate hupungua zaidi kwa kila binadamu.

Bakteria wasipoondolewa hujenga utando laini pale jino linapokutana na ufizi. Baada ya siku chache utando huanza kuwa mgumu na kugeuka ukoga, ambao mswaki hauwezi kuutoa tena. Fizi huvimba na kutoka damu. Si walaji miraa peke yao: uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta fizi zinazotoka damu kwa takriban watu wazima 98 katika kila 100. Na hapa ndipo wengi hufanya kinyume. Wakiona damu kwenye mswaki, huacha kusugua upande ule, na utando ukazidi kukaa. Sehemu hiyo yahitaji kusafishwa taratibu kwa mswaki laini, na mara nyingi damu hupungua katika wiki moja au mbili. Isipokoma, muone daktari wa meno.

Sukari na moyo

Ufizi uliovimba ni kidonda kilichofichika. Mwili hupambana nacho usiku na mchana, na mapambano hayo huifanya insulini, homoni inayoingiza sukari katika chembe za mwili, ifanye kazi kwa taabu. Nayo sukari ikipanda damuni, nguvu za kukabili viini hupungua na fizi huharibika zaidi. Ugonjwa mmoja humlisha mwenzake. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliotibiwa fizi walishuka katika kipimo cha wastani wa sukari kwa takriban asilimia 0.4 baada ya miezi mitatu au minne. Haitoshi kumfanya mtu atupe vidonge, lakini si haba. Basi mama anayemeza dawa sawasawa, aliyeacha sukari katika chai, na bado kipimo hakishuki, aangaliwe fizi pia.

Kuhusu moyo tuwe waangalifu. Wenye fizi mbovu huugua moyo zaidi, ila haijathibitishwa kwamba fizi ndizo chanzo. Huenda sigara na lishe zina mkono hapo. Lakini kwa mtu ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, hatari ni dhahiri: bakteria wa mdomoni wakiingia damuni wanaweza kujishikiza kwenye vali na kumwua.

Kama mtu hawezi kuacha miraa, anywe maji badala ya soda. Akimaliza, asubiri nusu saa asidi itulie, kisha apige mswaki kwa dakika mbili kwa dawa ya meno yenye floridi, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, halafu asile kitu tena. Mswaki wa kabla ya kulala ndio wa maana zaidi, ingawa wengi wetu huthamini ule wa asubuhi kwa ajili ya harufu. Kijiti cha mti, ambacho ndicho kilichoupa mswaki jina lake, husafisha vizuri kikitumiwa kwa ustadi, ila hakina floridi ya kutosha.

Ukoga uliokwisha kuwa mgumu huondolewa kliniki. Hospitali kuu za Meru na Embu zina idara za meno. Mwenye kisukari au vali mbovu ya moyo aseme hivyo kabla hajafungua mdomo, maana huenda akahitaji kupewa dawa kwanza.