Mursik, Chumvi na Moyo

SWALI: Daktari, babu yangu alikunywa mursik, yale maziwa yetu yaliyochachushwa, na kula nyama hadi uzeeni, wala hakuugua moyo. Mimi nina umri wa miaka 46, kazi yangu ni ya ofisini, na nimeambiwa kolesteroli na shinikizo la damu vimepanda. Je, niache mursik? – Msomaji, Langas, Eldoret

JAWABU: Ndugu msomaji, kabla hujauhukumu mursik peke yake, tazama kwanza ulaji wote wa babu yako pamoja na namna alivyoishi, kwa kuwa maradhi ya moyo aghalabu hayaletwi na chakula kimoja, bali na ada iliyodumu miaka ishirini au thelathini, na katika muda huo mafuta hujijenga kidogo kidogo katika kuta za mishipa pasipo kumletea mtu maumivu yoyote.

Habari za wafugaji wanaokunywa maziwa mengi na mioyo yao ikasalimika ziliwashughulisha matabibu tangu zamani. Mwaka 1972 George Mann na wenzake, miongoni mwao Anne Spoerry, daktari aliyewafikia wagonjwa kwa ndege na kujulikana sana Lamu, walitangaza waliyoyaona walipoichunguza mioyo ya Wamasai 50 waliokwisha kufariki: mafuta yalikuwamo katika mishipa yao kwa kadiri ya wazee wa Marekani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia, nao wakadhani kuwa sababu yake ni ukakamavu wa miili yao. Basi huenda vilima alivyopanda babu yako vilimhifadhi kuliko maziwa aliyokunywa.

Lililo karibu zaidi na hali yako ni la Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, ambao Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Haukupita muda mrefu, shinikizo la wahamiaji likazidi la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ukadhihirisha kuwa chumvi imeongezeka katika chakula chao, ilhali potasiamu, ambayo twaipata katika mboga, maharagwe na matunda, imepungua. Hao walikuwa watu wa kabila moja na asili moja. Kilichobadilika ni maisha.

Jambo hilo naliona hapa mjini kwetu kila siku, nalo lanihuzunisha: asubuhi chai ya sukari nyingi na mandazi, mchana chipsi zilizojaa chumvi, jioni soseji ya smoki kando ya stendi ya matatu, na kutwa nzima mtu ameketi.

Kwa hiyo mursik usiuache. Kunywa kikombe kimoja, hasa mahali pa soda. Punguza nyama ya mafuta, samli na mafuta ya kuganda, na vya kukaanga viwe vya nadra. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika smoki na viungo vya pakiti. Managu, sukuma wiki na maharagwe vizidi katika sahani yako, ugali upungue kiasi, na njia ya kwenda kazini, ikiwezekana, uitembee kwa miguu.

Rudi kliniki upimwe tena shinikizo, na ikiwa umeandikiwa dawa usiziache kwa kuwa umebadili chakula. Ukibanwa na kifua, maumivu yakaenea mkononi au tayani, usingoje kupambazuke: nenda hospitali saa ile ile.