Gari Linalokataa Kuwaka Injini Ikiwa Moto

Wakulima wengi wa Kisii na Nyamira wenye pikapu zao wenyewe wanaujua ugonjwa huu. Asubuhi, baridi ikiwa bado iko mabondeni, gari huwaka mara moja tu. Hupakiwa ndizi, likapanda mpaka Keroka au likashuka mpaka soko la Daraja Mbili mjini Kisii bila ya taabu yo yote. Mwenyewe huzima injini, akateremsha mzigo, akapokea fedha zake, na baada ya dakika 15 hurudi kupiga stata. Injini inazunguka, inazunguka, lakini haishiki. Akingoja saa nzima, gari linawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Jambo hili si dogo kwa mkulima. Majani mabichi ya chai yakikaa yamerundikwa hupata joto, yakageuka rangi kuwa mekundu, na kwenye kituo cha kununulia yatakataliwa. Maziwa ya asubuhi yakikaa juani saa mbili au tatu huanza kuchacha. Basi mwenye gari lisiloaminika hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama huacha injini ikinguruma sokoni muda wote, akichoma petroli bure, ama huegesha gari kwenye mteremko ili aliachie liteleze na kushika kwa gia.

Desturi hii ya pili imeenea sana katika nchi yetu ya vilima, na haifai. Gari linaloteremka injini ikiwa imezimika halina msaada wa breki: ukikanyaga mara mbili au tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na ufunguo ukiwa haukugeuzwa, usukani wa magari mengi hujifunga. Watu hutembea kando ya barabara hizo, watoto wa shule na akina mama wenye mizigo. Tena, mteremko unauficha ugonjwa tu. Haumtibu mgonjwa, na siku moja utaegesha mahali pa tambarare.

SABABU YA TAABU NI JOTO LA BAADA YA KUZIMA

Watu wengi hudhani kwamba injini ikizimwa huanza kupoa papo hapo. Sivyo. Wakati inapokwenda, maji huzunguka, feni huvuta hewa, na petroli mpya yenye ubaridi hupita kila wakati katika pampu na kabureta. Ukizima, vyote hivyo husimama, lakini chuma bado kina joto. Joto hilo hupanda juu, nalo hukaa chini ya boneti. Kwa muda wa dakika 10 mpaka 20 hivi kabureta, pampu ya petroli na koili huwa na joto zaidi kuliko zilivyokuwa njiani. Ndiyo maana gari lililosimama dakika mbili huwaka, na lililosimama robo saa hukataa.

Hapa kwetu liko jambo jingine. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mahali palipoinuka hewa ni nyepesi, na vitu vya majimaji huchemka mapema. Maji yachemkayo kwa digrii 100 kule Mombasa, Kisii huchemka yafikapo karibu digrii 94. Petroli nayo hufuata kanuni hiyo hiyo, na sehemu zake zilizo nyepesi huanza kugeuka mvuke hata kabla ya digrii 40. Gari litokalo Ahero, likavuka joto la uwanda wa Kano, kisha likapanda na mzigo mpaka Kisii kwa gia ndogo, hufika likiwa na joto jingi mahali ambapo petroli huchemka upesi.

CHUNGUZA WAKATI LINAPOKATAA

Kosa kubwa ni kumpelekea fundi gari kesho yake asubuhi, likiwa limepoa. Fundi atapiga stata, gari litawaka, naye hana cha kuona. Hapo huanza kubahatisha: leo plagi, juma lijalo koili, mwezi ujao kabureta, na fedha za ndizi zinakwisha. Ugonjwa huu huonekana saa ile ile tu ambayo gari limekataa. Yafaa basi mwenye gari ajue kulichunguza yeye mwenyewe hapo hapo barabarani.

Kwanza tumia masikio. Je, stata inazunguka kwa nguvu kama asubuhi, au inajikokota kama mtu mgonjwa? Ikijikokota, usiguse kabureta wala plagi. Taabu iko kwenye umeme wa stata. Tazama nyaya nene za betri. Mara nyingi sana waya wa kutoka betri kwenda kwenye bodi ya gari, au ule wa kutoka bodi kwenda kwenye injini, umelegea au umeota kutu. Waya mbovu hupitisha umeme kidogo, na ukipata joto hupitisha kidogo zaidi. Ukiwa na mita, weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu mwingine apige stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia hiyo ya kurudishia umeme ni mbovu: fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza. Kazi hii hugharimu kipande cha msasa tu. Kama nyaya ni nzima, huenda stata yenyewe imechoka, hasa ikiwa imefungwa karibu na ekzosti. Katika magari ya zamani yenye distribyuta, sababu nyingine ni cheche kuja mapema mno, ikamsukuma pistoni nyuma kabla hajafika juu.

Ikiwa stata inazunguka vizuri, basi kimekosekana kimoja kati ya vitatu: cheche, petroli iliyo kiasi, au mgandamizo ndani ya silinda.

Cheche hupimwa hivi kwa gari la zamani lenye koili moja na distribyuta. Chukua plagi nyingine nzima uliyoiweka garini kwa kazi hii, ichomeke kwenye waya wa plagi mmoja, na uifunge vizuri kwa kipande cha waya ili chuma chake kigusane na injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono. Ikiwa unasikia harufu kali ya petroli, au petroli inavuja po pote, usifanye jaribio hili. Ngoja mvuke utoke, kwani cheche na mvuke wa petroli huleta moto. Mtu akipiga stata, utaona cheche ya buluu yenye nguvu ikiwa mambo ni sawa. Ikiwa ni ya manjano, nyembamba, au haipo, ugonjwa uko upande wa umeme. Magari yenye moto wa elektroniki yasipimwe hivi ovyo, maana waya ukiachwa ukining'inia unaweza kuharibu kifaa cha bei kubwa.

Katika umeme, washukiwa wawili wa kwanza ni koili na kondensa. Koili ni nyaya nyembamba sana zilizozungushwa mara maelfu na kutengwa kwa rangi na mafuta. Ikizeeka, rangi hupasuka. Ikiwa baridi nyaya hazigusani, ikipata moto hutanuka na umeme hupotea njiani. Zima ufunguo, loweka kitambaa kwa maji, ukamue, kisha ufunike mwili wa koili kwa dakika tano bila ya kulowesha kichwa chake. Gari likiwaka baada ya hapo, umempata mwizi. Unaponunua nyingine, uliza kama gari lako linatumia koili yenye rezista ya nje au isiyo nayo. Aina hizi mbili hufanana kwa macho, lakini ukikosea, koili mpya itaungua vile vile, nawe utasema duka limekuuzia kitu kibovu.

PETROLI NYINGI MNO AU KIDOGO MNO

Cheche ikiwa njema, tazama petroli. Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa sababu joto lile lile huleta taabu mbili zilizo kinyume.

Ya kwanza ni injini kuzama kwa petroli. Petroli iliyo ndani ya bakuli la kabureta huchemka, ikafurika na kuingia kwenye injini. Alama zake ni harufu kali, plagi kuwa zimelowa, na moshi mweusi mara gari linaposhika. Mwenye gari naye, kwa haraka yake, hukanyaga mafuta mara kumi, na kila mara anapokanyaga kabureta hurusha petroli nyingine ndani. Ndivyo anavyozidi kulizamisha. Dawa yake: hakikisha choki imefunguka, kanyaga mafuta polepole mpaka chini kabisa, mguu ubaki pale pale bila ya kupampu, ndipo upige stata kwa sekunde zisizozidi 10. Likikataa, ipumzishe stata kwa dakika moja ujaribu tena. Hewa nyingi itakausha silinda na injini itashika. Likiwaka hivyo kila mara, chunguza boya na sindano ya kabureta, na choki iliyokwama nusu.

Ya pili ni petroli kukosa kufika kabisa. Imegeuka mvuke ndani ya bomba au pampu, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Hapa hakuna harufu, na plagi ni kavu. Ondoa kichungio cha hewa na utazame ndani ya kabureta, injini ikiwa imezimwa, huku mwenzako akikanyaga mafuta mara moja. Petroli isiporuka kama uzi mwembamba, bakuli ni tupu. Weka kitambaa chenye maji juu ya pampu na bomba. Likiwaka, fuata bomba lote kutoka tangi. Mara kwa mara utakuta fundi fulani alibadilisha bomba na kulipitisha karibu na ekzosti, au bati la kuzuia joto chini ya kabureta lilitupwa siku kazi nyingine ilipofanyika, au kile kipande kinene kinachotenga kabureta na injini hakikurudishwa. Vitu hivi si pambo. Huko Marekani madereva wa zamani walibana vibanio vya mbao vya nguo kwenye bomba la petroli wakiamini vinapunguza joto. Faida yake ni ndogo sana. Kulisogeza bomba mbali na moto kunafaa zaidi.

Usimwage maji baridi juu ya injini yenyewe, kwa kuwa chuma cha moto hupasuka. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto: maji yaliyofungiwa humo huweza kuwa na joto lipitalo kiwango cha kuchemka, na kifuniko kikilegea hulipuka usoni.

Mgandamizo nitausema kwa ufupi. Ikiwa nafasi za valvu zimekazwa mno, valvu hurefuka zipatapo joto na hazifungi sawasawa. Kipimo hutofautiana kwa kila injini, kwa hiyo fundi afuate kitabu cha gari, asifuate mazoea.

MAGARI YA SIKU HIZI NA YA DIZELI

Magari mengi yanayobeba abiria na mizigo sasa kati ya Kisii, Nyamira na Keroka, kama Toyota Probox, hayana kabureta. Yana injekta na kompyuta, lakini kukataa yakiwa moto hayajaacha. Liko jaribio moja rahisi. Geuza ufunguo mpaka taa ziwake bila ya kupiga stata, ngoja sekunde tatu, zima, rudia mara mbili, ndipo upige. Likiwaka vizuri kwa njia hiyo, petroli ilikuwa imerudi nyuma au imegeuka mvuke, na pampu ya tangini au injekta zinazovuja zichunguzwe. Lisipobadilika, iko sensa inayoiambia kompyuta joto la maji. Ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta humwaga petroli kama ya asubuhi. Nyingine ni sensa ya krenki, ambayo ikizeeka hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Hapo kazi ni ya fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta, na mashine hiyo haina budi kuunganishwa gari likiwa limekataa.

Trekta na malori ya dizeli yana ugonjwa wake. Dizeli yenye joto huwa nyepesi, na ndani ya pampu ya injekta iliyokwisha kulika hupenya pembeni badala ya kwenda kwenye silinda. Taabu hii hujulikana sana katika pampu za kuzunguka za matrekta ya zamani. Kitambaa chenye maji kikiwekwa juu ya pampu, injini ikiwa imezimwa, na ikawaka baada ya dakika chache, pampu inataka kutengenezwa. Usiimwagie ndoo ya maji, kwani huweza kukwama.

Weka daftari dogo garini. Gari likikataa andika: lilisimama dakika ngapi, lilikuwa limebeba nini, stata ilikuwa na nguvu au la, harufu ya petroli ilikuwako au haikuwako, cheche ilikuwa ya rangi gani, na kitambaa chenye maji kilisaidia kilipowekwa wapi. Kisha umpelekee fundi gari likiwa bado moto, uzime mbele ya karakana yake, umkabidhi daftari, mngoje pamoja zile dakika 15.