Breki za Seli B: Malaria na Lupasi

Seli B ni chembe nyeupe za damu ambazo, zikishaamshwa, hutoa kingamwili, yaani protini zinazonasa vimelea vya maradhi. Kipokezi kilicho juu ya utando wa seli kinapokutana na kimelea kinachooana nacho, seli huamka na kuzaliana. Kazi hiyo isipowekewa kikomo huleta madhara, kwa kuwa kingamwili zilizokosea shabaha huushambulia mwili wenyewe.

Kwa sababu hiyo, seli B ina pia vipokezi vizuizi. Kimojawapo ni FcγRIIB, ambacho hushika mkia wa kingamwili aina ya IgG iliyokwisha kunasa kimelea. Vipokezi hivi viwili vikiunganishwa pamoja na mzigo huo, kimeng'enya kiitwacho SHIP huvutwa hadi kwenye utando na kuizima ishara ya kuamsha. Ni kama seli inaarifiwa kwamba kingamwili zilizopo zinatosha.

Je, breki hiyo ikilegea? Baadhi ya watu hurithi umbo la kipokezi hicho ambamo asidi amino moja tu, iliyo katika nafasi ya 232, imebadilika, na kizuizi kikadhoofika. Aliyerithi umbo hilo kwa wazazi wote wawili huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watoto wa Kenya, urithi huohuo uliambatana na kinga dhidi ya malaria kali. Kilichomfaa mtoto chaweza kumdhuru akiwa mtu mzima.

Kwa mhudumu wa afya, funzo ni hili: mwanamke kijana mwenye homa za kurudiarudia, ilhali vipimo vya malaria havionyeshi vimelea, pamoja na maumivu ya viungo, vipele mashavuni au miguu kuvimba, asipewe dawa za malaria tena na tena. Apimwe mkojo kuona kama una protini au damu, kisha apewe rufaa mapema, kabla figo hazijaharibika.

Kwa mgonjwa, lupasi si laana wala haiambukizi, na kurithi breki dhaifu si kuhukumiwa kuugua. Aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu tu amepata nafuu. Mara nyingi nafuu hiyo ni kazi ya dawa zenyewe.